Kutoka Sriharikota Hadi Uwanda wa Kano

Tarehe 30 Julai 2025, saa tisa na dakika kumi alasiri kwa saa za Afrika Mashariki, roketi ya India aina ya GSLV iliondoka kwenye kisiwa cha Sriharikota ikiwa imebeba setilaiti ya rada iitwayo NISAR. Ni kazi ya mashirika mawili ya anga, NASA ya Marekani na ISRO ya India, na uzito wake unakaribia tani mbili na nusu. Kufikia tarehe 15 Agosti ilikuwa imeshaikunjua antena yake huko juu, duara la wavu wa waya uliopakwa dhahabu, upana wake mita 12. Inazunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 747, na katika kila siku 12 hupita juu ya karibu kila kipande cha ardhi mara mbili. Uwanda wa Kano, huku kwetu magharibi mwa Kenya, umo. Ahero imo, Nyakach imo, Budalang'i imo.

Mimi hufundisha jiografia katika shule ya upili hapa Kisumu, na setilaiti hii niliingoja kwa hamu kuliko chombo kingine chochote cha angani. Najua si hiyo inayozungumziwa sana. Ukitaja mambo ya anga za juu mtaani, watu wanakimbilia Starship, ile roketi kubwa ya kampuni ya SpaceX ya Marekani, na nawaelewa. Nami nilitazama siku ile ya 13 Oktoba 2024, sehemu ya chini ya roketi hiyo, ndefu kama jengo la ghorofa ishirini, iliporudi kutoka angani, ikashuka wima na kudakwa na mikono ya chuma ya mnara ule ule ilioondokea. Nilipiga ukelele sebuleni. Wapo wanaosema hizo ni shughuli za matajiri, hazituhusu ndewe wala sikio. Sikubaliani nao hata kidogo. Roketi inayotumika tena na tena ndiyo iliyoshusha nauli ya kwenda angani. Kuna roketi ya Falcon 9 ambayo sehemu yake ya chini imekwisha kuruka zaidi ya mara 30, na ni roketi ya aina hiyo iliyoibeba setilaiti yetu ya Taifa-1 mnamo 15 Aprili 2023, ikiwa abiria mmoja kati ya wengi katika safari moja.

Lakini ukiniuliza ni chombo kipi cha miaka hii kinachomgusa mtu wa huku kwetu, nitakujibu ni NISAR na jamaa zake. Na nitakueleza kwa nini.

Asiyeijua Kano aelewe hivi. Mto Nyando unatoka kwenye milima ya Nandi na Tinderet, unateremka kwa kasi, unapita Muhoroni, halafu unafika Ahero, mahali ambapo ardhi ni tambarare mpaka Ziwa Victoria. Maji yaliyokuwa yakikimbia yanakosa mteremko. Yanatua tope, kitako cha mto kinapanda mwaka hadi mwaka, kingo zinazidiwa. Na kwa kuwa mvua yenyewe inanyesha kule juu, Kano inaweza kufurika jua likiwaka. Mama mdogo wangu anaishi chini ya Ahero. Mwaka 2024, maji yalipoingia, alikuwa ameanika omena kwenye turubai, juu ya boma lake hakuna wingu hata moja. Aliyaona yakitokea nyuma ya choo, kimya kimya, rangi ya chai ya maziwa, yakazunguka zizi la mbuzi kabla ya kufika mlangoni. Aliwahi kuwatoa mbuzi. Kuku na gunia la mpunga hakuwahi.

Mwaka huo huo, usiku wa kuamkia 29 Aprili, maji yaliwazoa watu huko Mai Mahiu katika kaunti ya Nakuru wakiwa wamelala. Nchi nzima iliomboleza. Kano haina vifo vya namna ile, vya ghafla na vingi kwa mpigo. Kano ina msiba unaorudi, mashamba yale yale, shule zile zile zikigeuzwa kambi, watoto wale wale wakipoteza muhula.

Sasa, setilaiti za kupiga picha za dunia si jambo jipya. Landsat ya kwanza ilirushwa Julai 1972, na tangu 2008 picha zake zote ni za bure. Sentinel-2 za Ulaya hupita kila siku tano na kuonyesha vitu vya upana wa mita 10. Ni picha nzuri ajabu. Huwaonyesha wanafunzi wangu mdomo wa Nyando, jinsi tope la kahawia linavyoenea ndani ya Ghuba ya Winam, na wanajua mara moja kwamba ule ni udongo wa mashamba ya watu. Tatizo ni kwamba hizo zote ni kamera, na kamera haioni kupitia wingu. Ukifungua picha za masika ya 2024, wakati ule hasa unaotaka kujua maji yamefika wapi, unapata weupe mtupu kutoka Nandi hadi Homa Bay.

Rada haina shida hiyo. Haingoji mwanga wa jua. Inatuma mawimbi yake yenyewe na kupokea yanayorudi, usiku kwa mchana, na mawingu hayaizuii. Ukitaka kuelewa picha yake, shika tochi usiku, simama kando ya dimbwi lililotulia, umulike kwa mshazari. Mwanga unateleza juu ya maji na kwenda zake upande wa pili, kwa hiyo dimbwi linabaki jeusi, ilhali nyasi na mawe ya pembeni yanaurudisha mwanga machoni pako. Picha ya rada ni hivyo hivyo. Ziwa ni jeusi. Ardhi ni ya kijivu yenye chembechembe. Mabati ya Kisumu mjini yanang'aa. Na mafuriko yanajitokeza kama wino uliomwagika mahali ambapo wiki mbili kabla palikuwa pa kijivu.

Kazi hii imekuwa ikifanywa na Sentinel-1, setilaiti za rada za Ulaya. Ya kwanza, 1A, ilirushwa 3 Aprili 2014, na mwenzake 1B ikafuata. Kisha Desemba 2021 hiyo 1B ikaharibika umeme wake na haikupona. Kwa karibu miaka mitatu dunia ilibaki na moja, ikipita njia ile ile mara moja kila siku 12, hadi 1C iliporushwa Desemba 2024. Mafuriko ya 2024 yalitukuta ndani ya pengo hilo. Maji ya Nyando yanaweza kupanda, kukaa siku nne, na kuanza kupungua, yote hayo kati ya kupita kwa setilaiti na kurudi kwake. Ndiyo maana habari ya rada moja zaidi angani, ambayo kwa wengine ni habari ya ukurasa wa ndani, kwangu ni habari kubwa.

NISAR inaleta pia kitu ambacho Sentinel-1 haina. Mawimbi ya Sentinel-1 yana urefu wa sentimita tano na nusu hivi, na hayo yanagota kwenye majani. Yakikuta mafunjo ya kando ya ziwa au miwa iliyokomaa, yanarudi kutoka juu ya majani bila kujua kilichopo chini. NISAR ina rada mbili, na ile iliyotengenezwa Marekani inatumia mawimbi ya sentimita 24. Mawimbi marefu kiasi hicho yanapenya majani. Yanagonga maji yaliyosimama chini, yanarukia kwenye shina, na kurudi moja kwa moja yalikotoka. Matokeo yake ni ya kushangaza mara ya kwanza unapoyaona: mahali penye mimea iliyosimama ndani ya maji pananawiri, panang'aa kuliko ardhi kavu. Maji ya wazi ni meusi, maji yaliyofichwa na mimea ni meupe. Mtu wa Kano anajua umuhimu wa jambo hilo, kwa sababu maji ya kwetu huanza kujificha ndani ya mafunjo na mashamba ya mpunga siku kadhaa kabla ya kuvuka barabara.

Kuna setilaiti nyingine lazima niitaje, SWOT, ya Marekani na Ufaransa, iliyorushwa 16 Desemba 2022. Hiyo inapima kimo cha maji. Ina antena mbili zilizotenganishwa na mhimili wa mita 10, na kwa kulinganisha mwangwi unaofika kwenye kila antena inakokotoa uso wa maji uko juu kiasi gani, kwenye ukanda wa kilomita 120 kwa mpigo. Zamani setilaiti za kupima ziwa zilichora mstari mmoja mwembamba tu chini ya njia yake. Kwa ziwa kama Victoria hilo lilitosha kujua kama limepanda au limeshuka. Lakini ziwa lilipopanda 2020, na tena 2024, maji yalirudi nyuma mdomoni mwa mito, watu wa Dunga na Nyakach wakafurikiwa na ziwa lenyewe hata mto ulipotulia. Kuona uso mzima wa maji, ghuba na ziwa kwa pamoja, ni msaada wa aina nyingine. Mito nayo SWOT inaipima, ila ile yenye upana wa mita 100 kwenda juu. Nyando yetu ni nyembamba kuliko hapo. Nalisema hili kwa sababu sipendi makala zinazoahidi kwamba chombo fulani angani kitamaliza kila kitu.

Na usiku ziwani? Binamu yangu huvua omena upande wa Usenge, kazi ya gizani, taa juu ya maji. Adui wake si mawimbi ya kawaida, ni radi. Mchana upepo unatoka ziwani kwenda nchi kavu, ndiyo maana Kisumu tunanyeshewa alasiri. Usiku nchi inapoa kuliko ziwa, upepo unageuka, unatoka pande zote za ufuo na kukutana katikati, juu ya maji yenye joto. Hewa inapanda, dhoruba inazaliwa hapo hapo walipo wavuvi. Kwa miaka mingi hakukuwa na jicho la kudumu juu ya radi hizo. Sasa lipo. Setilaiti ya Ulaya ya kizazi kipya cha Meteosat, iliyorushwa 13 Desemba 2022, imekaa kilomita 36,000 juu ya ikweta ikiiangalia Afrika na Ulaya bila kuondoka. Inapiga picha ya uso wote inaouona kila dakika 10, na ina kamera nne za kunasa mmweko wa radi, mchana na usiku. Binamu yangu nilipomweleza aliuliza swali moja tu: "Hiyo habari itanifikiaje nikiwa majini?"

Hilo ndilo swali lenyewe. Mama mdogo aliuliza lile lile kwa namna yake. Nilikuwa nimempelekea picha ya rada kwenye simu, nikamwonyesha boma lake lilipo ndani ya doa jeusi. Akaitazama kwa heshima, akanirudishia simu. "Mwanangu, maji yenyewe nayaona. Mimi nipe siku mbili kabla hayajaja."

Nimeitafakari sana safari ya India kwa ajili ya kauli hiyo. Roketi ya kwanza kurushwa India, 21 Novemba 1963, iliruka kutoka Thumba, kijiji cha wavuvi kusini mwa nchi. Ilikuwa roketi ndogo ya Marekani. Ofisi ya wanasayansi ilikuwa kwenye jengo la kanisa, na vipande vya roketi vilisukumwa kwa baiskeli. Sisi hatukuwa mbali nao. Kuanzia 1967 roketi zilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, jukwaa la Waitaliano na roketi za Wamarekani. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, hapo ndipo iliporushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani, na kwa heshima ya nchi yetu ikaitwa Uhuru. Ilisaidia kuonyesha kwamba mashimo meusi, yale yenye mvutano mkali hata mwanga hauwezi kutoka, ni kitu halisi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo ya kisayansi, alipata tuzo ya Nobel mwaka 2002. Kila mtoto wa Kenya anapaswa kulijua jambo hili, na nashangaa kwamba wengi wanamaliza shule bila kulisikia.

Roketi ya mwisho kuondoka San Marco ilikuwa mwaka 1988. Mwaka huo huo India ilikuwa imepata setilaiti yake ya IRS-1A, ya kuangalia mashamba, misitu na maji ya nchi yao. Nadhani hapo ndipo njia zilipoachana. Vikram Sarabhai, baba wa mpango wa anga wa India, alishikilia tangu mwanzo kwamba nchi yake haiendi angani kushindana na wakubwa kwenda mwezini, inakwenda kutatua shida za watu wake. Walianza na mazao, hali ya hewa, vimbunga vya Ghuba ya Bengal. Mwezini walifika baadaye, 23 Agosti 2023, Chandrayaan-3 ilipotua salama karibu na ncha ya kusini, India ikawa nchi ya nne kutua huko taratibu bila kuvunjika. Na miaka miwili baada ya hapo wakairusha NISAR, ambayo data zake ni za bure kwa yeyote, akiwemo mwalimu wa Kisumu.

Sisi tumeanza kuamka. Shirika la Anga za Juu la Kenya liliundwa 2017. Mwaka 2018 setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliachiliwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga. Taifa-1 iligharimu kama shilingi milioni 50, na wahandisi wetu walishiriki kuibuni. Naunga mkono kila shilingi. Hata pete ile ya chuma ya kilo 500 iliyoanguka kijijini Mukuku, Makueni, tarehe 30 Desemba 2024, ilionyesha kwamba anga imekwisha kutufikia tutake tusitake, na kwamba tunahitaji watu wetu wa kuifuatilia.

Ila siku mbili za mama mdogo hazitoki kwenye setilaiti yoyote peke yake. Zinatoka kwenye kuunganisha. Kuna vipimo vya mvua kutoka angani, vinavyotolewa kila nusu saa na setilaiti zinazoongozwa na GPM iliyorushwa 2014. Hivyo vinaweza kuonyesha kinachonyesha Nandi sasa hivi. Kuna utabiri wa mvua wa siku zijazo. Kuna kipimo cha kimo cha maji mtoni. Na kuna ramani za rada za miaka iliyopita, zinazoonyesha mto ukifika kiasi fulani ni vijiji vipi vinaingia maji kwanza na vipi vinafuata. Weka hivyo mezani mwa mtu mmoja aliyefunzwa, mwenye kompyuta na intaneti isiyokatika, na onyo linaweza kutoka likiwa na jina la kijiji na siku.

Mwaka 2024 onyo lilitolewa mapema, sikatai. Lililomfikia mama mdogo ni sentensi moja redioni: wakaazi wa maeneo ya chini wahamie maeneo ya juu. Yeye alijiuliza, chini ni wapi? Boma lake lilipona mafuriko ya mwaka mwingine, je, yuko chini au juu? Ahame leo au Jumapili? Mbuzi waende wapi? Ofisi iliyohusika ilikuwa na ramani, niliiona ukutani. Haikuteremka kijijini. Hilo linaniuma kuliko pengo la setilaiti, kwa sababu setilaiti inahitaji miaka na mabilioni, na kilichokosekana hapa ni karatasi, Dholuo safi, na mtu wa kwenda kwenye baraza la chifu.

Kwa hiyo mwaka huu wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wamechora yao. Tulichukua picha za rada za 2020 na 2024, tukafuatisha mipaka ya maji kwenye karatasi kubwa, tukaandika majina ya vijiji, makanisa, shule, visima na vivuko kama yanavyoitwa na wenyeji. Tulimpelekea mama mdogo na majirani zake waikague kwanza. Wazee walibishana juu yake alasiri nzima. Upande wa mashariki walituambia mstari uko ndani mno: 2020 maji yalivuka josho la ng'ombe, yakakaa siku mbili, yakarudi. Setilaiti ilipita baada ya hapo, ikaona ardhi iliyokwisha kukauka. Mzee mmoja alishika kalamu akachora mwenyewe mahali maji yalipoishia, mti kwa mti.

Mstari wake tumeuacha kwenye ramani, mwekundu, kando ya ule wa rada ulio wa buluu. Nakala ziko kwa chifu na katika makanisa mawili, na nakala ya tatu iko njiani kwenda makao makuu ya kaunti pamoja na barua ya kuomba kipimo cha mvua cha Nandi kitumwe kwa simu za wazee wa vijiji kila asubuhi ya masika. Data ni za bure. Wanafunzi wameshajitolea kuzisoma.